Tervuren, Flandria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mji wa mawindo, msitu na makumbusho

Waswahili wengi waliopita Ubelgiji wanaijua Tervuren kwa kitu kimoja tu: makumbusho ya Afrika. Wanashuka kwenye tramu, wanaingia, wanatoka wamenuna, wanapanda tramu kurudi Brussels. Maswali haya ni ya watu hao, pamoja na ya wale wanaohamia huko kikazi na kutaka kujua wamefikia wapi. Tunachoshikilia ni kwamba makumbusho yale hayaeleweki bila kuujua mji uliokuwepo kabla yake, na mji nao hauwezi kusimuliwa ukaruka makaburi saba yaliyo ubavuni mwa kanisa lake. Basi majibu mengine ni marefu, mengine mafupi, kwa kadiri jambo lenyewe lilivyo.

Tervuren ni mji, kijiji, au ni kipande cha Brussels?

Si kipande cha Brussels, ingawa watu wanaofanya kazi Brussels ndio wanaojaza nyumba zake. Ni manispaa inayojitegemea katika mkoa wa Vlaams-Brabant, upande wa Flandria, yaani sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi, mashariki ya jiji hilo. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 33 na wakazi ni kama 22,000. Kijito kinachoitwa Voer kinaanzia huko, kinajaza mabwawa ya bustani kuu, kisha kinateremka kuelekea Leuven.

Mwaka 1977, Ubelgiji ilipopunguza idadi ya manispaa zake nchi nzima, vijiji vya Duisburg na Vossem viliunganishwa na Tervuren. Kuna pia kitongoji cha Moorsel, ambacho ukisinzia kwenye gari umeshakipita. Duisburg hii isichanganywe na ile ya Ujerumani yenye viwanda vya chuma. Hii ni ya mashamba na mabanda ya vioo. Vossem nayo, kwa udogo wake wote, imo katika vitabu vya historia ya Ulaya: tarehe 6 Juni 1673 Ufaransa ya Louis XIV na Brandenburg zilitiliana saini mkataba wa amani pale. Amani yenyewe haikudumu, lakini jina la kijiji limebaki kwenye mkataba.

Kwa nini mji mdogo namna hiyo una bustani kubwa ya kifalme?

Kwa sababu ya mawindo. Kabla ya kitu kingine chochote, Tervuren ilikuwa mahali pa wakubwa kuwinda kulungu na nguruwe mwitu. Madyuki wa Brabant, yaani watawala wa kurithi wa eneo hilo, walikuwa na ngome yao hapo tangu karne ya 13, imezungukwa na maji, mlango wake mmoja ukitazama mji na mwingine msitu. Haikuwa nyumba ya likizo tu. Watawala watatu wamezikwa katika kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, kanisa la mji: Antoon wa Burgundy, aliyeuawa katika vita vya Agincourt mwaka 1415 akiwa upande wa Wafaransa, na wanawe wawili waliomrithi kwa zamu, Jan IV na Filips wa Saint-Pol. Huyo wa mwisho alifariki mwaka 1430, na Brabant ikaingia mikononi mwa binamu yao, Filips wa Burgundy.

Baadaye wakaja Albert na mkewe Isabella, waliotawala nchi hizi kwa niaba ya ufalme wa Hispania mwanzoni mwa karne ya 17. Walikuwa wapenzi wakubwa wa mawindo, nao waliipanua na kuipamba ngome. Katika jumba la Prado, Madrid, ipo picha ya Albert iliyochorwa na Rubens akishirikiana na Jan Brueghel, na nyuma ya mtawala huyo aliyeketi ngome ya Tervuren inaonekana imezungukwa na maji yake. Siku hizi utaiona kwenye picha tu.

Maana ngome haipo. Mkazi wake wa mwisho mkubwa alikuwa Karel wa Lorraine, gavana wa Waaustria waliotawala nchi hizi baada ya Wahispania, mtu wa anasa aliyejengesha mabanda ya farasi yaliyopinda nusu duara. Alifariki mwaka 1780, na ndani ya miaka michache Kaisari Josef II akaamuru ngome ivunjwe. Hakukuwa na vita wala moto. Kaisari aliona ni gharama isiyo na faida, mawe yakauzwa. Mabanda ya farasi yalinusurika, wanajeshi wakaja kuyatumia kama kambi, na bado yapo ukingoni mwa bustani pamoja na kikanisa cha Mtakatifu Hubertus. Kando ya maji, mbele kidogo, utaona nyumba ya matofali yenye paa za ngazingazi wanayoiita Spaans Huis, Nyumba ya Kihispania, ambayo ilikuwa ya kinu cha maji.

Mtakatifu Hubertus ni nani, na kwa nini jina lake liko kila mahali?

Ni askofu wa Liège aliyefariki mwaka 727, na mapokeo ya mji yanasema alikata roho hapohapo Tervuren. Hadithi yake inajulikana Ulaya nzima: kijana wa ukoo bora aliyetoka kuwinda siku takatifu, akakutana na kulungu mwenye msalaba unaong'aa katikati ya pembe, akaacha upinde akawa mtu wa Mungu. Kichekesho ni kwamba wawindaji, badala ya kuacha uwindaji kama yeye, wamemfanya msimamizi wao. Kikanisa chake katika bustani kilijengwa mwaka 1617 na msanifu Wenceslas Cobergher, kwa agizo la Albert na Isabella tuliowataja. Sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba, na katika nchi hizi ni desturi mapadre kubariki farasi na mbwa wakati huo.

Ni kweli kwamba malkia wa Mexico aliishi Tervuren?

Ni kweli, na alikuwa zaidi ya malkia: alikuwa mke wa kaisari. Baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815, Mwanamfalme wa Orange, mrithi wa kiti cha Uholanzi, aliyejeruhiwa vitani, alizawadiwa jumba jipya katika bustani ya Tervuren. Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, jumba likabaki bila mwenyewe. Mwaka 1867 akaletwa Charlotte, dada wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mumewe, Maximilian, alikuwa amepigwa risasi huko Querétaro mwezi Juni mwaka huohuo, na yeye mwenyewe akili ilikuwa imeyumba. Aliishi Tervuren mpaka jumba lilipoungua mwaka 1879, akahamishiwa Meise, alikoishi mpaka mwaka 1927.

Moto huo ni muhimu kuliko unavyodhani. Uliacha kiwanja kitupu mahali pazuri kuliko pote katika bustani, na kaka yake Charlotte alikuwa na matumizi nacho.

Nini hasa kilifanyika mwaka 1897?

Mwaka huo Brussels iliandaa maonyesho ya kimataifa. Leopold II, ambaye tangu 1885 alikuwa akiimiliki Dola Huru ya Kongo kama mali yake binafsi, alitaka sehemu ya Kongo iwe mbali na makelele ya jiji, mahali ambapo angeweza kuipamba atakavyo. Akachagua Tervuren. Ikachimbwa barabara pana ya kilomita kama kumi kutoka bustani ya Cinquantenaire mpaka huko, ile inayoitwa Tervurenlaan hadi leo, na njia ya tramu ikalazwa. Kwenye kiwanja cha jumba lililoungua kikasimamishwa kile kilichoitwa Jumba la Makoloni. Ndani, mafundi hodari wa wakati huo, akina Paul Hankar na Henry van de Velde, walipamba kumbi kwa mbao ngumu za Kongo zilizokunjwakunjwa kwa mtindo mpya uliokuwa ukivuma. Mazao yakapangwa: kahawa, kakao, mpira, pembe za ndovu.

Halafu wakaletwa watu. Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, walisafirishwa kwa meli hadi Antwerp kiangazi kile. Walijengewa vijiji vya kuigiza katika bustani. Wabangala waliwekwa kando ya bwawa na mitumbwi yao, Wamayombe wakawa na kijiji chao, na kikawepo kingine cha watoto waliokuwa wakisomeshwa na mapadre huko Gijzegem, ili wageni waone “mshenzi” na “mstaarabu” kwa safari moja. Mchana walitazamwa, wakipiga makasia, wakipika, wakicheza ngoma. Usiku walilala katika mabanda ya farasi. Watazamaji zaidi ya milioni moja walipita. Waliwatupia vyakula na pipi ng'ambo ya uzio mpaka waandaaji wakalazimika kuweka kibao cha kuwakataza, wakieleza kwamba weusi hawa wanalishwa na kamati. Soma sentensi hiyo mara mbili: kilichowasumbua waandaaji ni matumbo ya “maonyesho” yao kuharibika.

Kiangazi cha Ubelgiji si lazima kiwe na jua. Mwaka ule kulikuwa na baridi na mvua, na mafua yakageuka nimonia. Watu saba walifariki.

Makaburi yao yako wapi, na majina yao yanajulikana?

Yanajulikana: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Kwanza walizikwa kwenye sehemu isiyobarikiwa ya makaburi ya mji, walikowekwa watu ambao Kanisa halikuwataka. Mwaka 1953 masalia yao yalihamishiwa ubavuni mwa kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambako yapo sasa: mawe saba yamepangwa sambamba chini ya ukuta, kila moja na jina lake.

Ukiwa nje hapo, kumbuka kwamba ndani ya ukuta huohuo wamelala madyuki watatu. Kutoka makumbusho hadi kanisani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na bado wageni wengi hawafiki. Ushauri wetu ni kinyume cha vipeperushi vya utalii: anzia kanisani, kisha ndiyo uende makumbusho. Utaviona vitu vya ndani kwa macho mengine. Wakongo wa Ubelgiji wamekuwa wakikusanyika hapo kwa kumbukumbu, hivyo usishangae ukikuta maua au mishumaa.

Jumba la makumbusho la sasa ndilo lile la 1897?

Hapana, ingawa hilo la zamani bado limesimama jirani yake. Maonyesho yalipokwisha, mkusanyiko ulifanywa makumbusho ya kudumu mwaka 1898, na mara moja nafasi ikawa finyu. Leopold akamwita Charles Girault, Mfaransa aliyekuwa amejenga Petit Palais mjini Paris, amchoree jumba jipya. Fedha zilitoka Kongo, wakati ambapo vijiji vya huko vilikuwa vikilazimishwa kutoa mpira kwa mtutu wa bunduki na mjeledi wa kiboko. Herufi L mbili zilizogeuziana mgongo, alama ya Leopold, zimechongwa na kurudiwarudiwa kutani kote. Yeye mwenyewe hakuwahi kulizindua: alifariki Desemba 1909, na mrithi wake, Mfalme Albert I, ndiye aliyelifungua tarehe 30 Aprili 1910. Wakati huo Kongo ilikuwa imeshachukuliwa na serikali ya Ubelgiji, mwaka 1908, kufuatia kelele za kimataifa.

Leopold alikuwa na mipango mikubwa zaidi. Alitaka pawe na shule ya dunia nzima ya kuwafunza watu wa kwenda makoloni, jumba la mikutano na mengineyo. Kifo kilikatisha yote. Mkazi wa Tervuren anayeipenda bustani yake ilivyo leo, na wako wengi, ana haki ya kushusha pumzi.

Jina la taasisi limebadilika kadiri siasa zilivyobadilika. Lilikuwa Makumbusho ya Kongo ya Kibelgiji, likaongezwa neno “Kifalme” mwaka 1952, na tangu uhuru wa Kongo mwaka 1960 ni Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Kwa kifupi watu husema AfricaMuseum.

Nasikia walifunga wakafanya ukarabati. Wamebadilisha kitu?

Walifunga mwisho wa 2013 na kufungua tena Desemba 2018. Sasa unaingilia banda jipya la vioo, unashuka chini ya ardhi, unapita kwenye ujia mrefu mweupe ulio na kitu kimoja kikubwa: mtumbwi wa gogo moja wenye urefu wa mita 22 na nusu. Kabla ya kupanda juu unapita kwenye chumba cha sanamu za zamani zilizoondolewa, za Waafrika wakali wenye makucha ya chui na mambo kama hayo, zimesongamana kama mizigo stoo. Wazo ni zuri. Utekelezaji, kwa maoni yetu, unamwachia mgeni kazi kubwa mno. Mtoto wa shule anaweza kupita pale akadhani ni vichekesho.

Shida ni kwamba jumba lenyewe ni urithi unaolindwa na sheria, kwa hiyo si kila kitu kinaweza kung'olewa. Katika ukumbi wa kuba bado zipo sanamu za dhahabu za Arsène Matton zenye maandishi ya kudai kwamba Ubelgiji ilileta ustaarabu Kongo. Msanii Aimé Mpane wa Kinshasa aliweka katikati yao kichwa kikubwa cha mbao kilichotobolewatobolewa, cha Mwafrika anayetazama mbele, na baadaye yeye na Jean Pierre Müller wakatundika mbele ya sanamu zile mapazia mepesi yenye picha, ili usiweze tena kuiona sanamu bila kuona na jibu lake.

Kuna ujia mwingine wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908, yamechongwa ukutani. Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, aliandika majina ya wale saba wa 1897 kwenye vioo vya madirisha yaliyo mkabala. Jua likitoka, vivuli vya majina hayo vinatembea juu ya majina ya Wabelgiji. Siku ya mawingu huoni kitu, na Ubelgiji mawingu hayaadimiki. Chagua siku yako.

Kuna kitu ndani kinachomhusu msemaji wa Kiswahili moja kwa moja?

Vipo vingi, na kimoja kinatuchukua hadi Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, Tanzania ya leo.

Mwaka 1879 chama cha Leopold cha “uvumbuzi” kilianzisha kituo Karema. Mwaka 1882 akawasili mwanajeshi wa Kibelgiji aitwaye Émile Storms kukiongoza, na mwaka uliofuata akavuka ziwa na kujenga kituo kingine Mpala, upande wa Kongo. Huko aligongana na Lusinga, chifu wa Watabwa aliyekuwa akijitanua kwa bunduki. Lusinga hakuwa malaika. Naye alikamata na kuuza watu. Desemba 1884 Storms aliwatuma rugaruga wake, yaani wapiganaji wa kukodiwa, wakakiteketeza kijiji, wakamuua Lusinga na kumletea Storms kichwa chake. Fuvu lilisafirishwa hadi Ubelgiji na kuingia katika makusanyo ya kisayansi ya Brussels. Pamoja nalo iliporwa sanamu ya mti ya mzee wa ukoo, yenye nywele zilizosukwa kwa ustadi na chale za Kitabwa mwilini. Kwa miaka mingi ilikaa sebuleni kwa Storms kama pambo. Baada ya kifo chake ilifika Tervuren katika miaka ya 1930, na leo ni mojawapo ya vitu maarufu kuliko vyote humo. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa kwenye uwanja wa hadhara jijini Brussels.

Jambo la pili ni nyaraka za Henry Morton Stanley, ambazo zimehifadhiwa hapa: shajara, barua, ramani, picha. Stanley alijipamba sana alipoandika vitabu, lakini safari zake zilibebwa na Wangwana na wapagazi wa Zanzibar na Bagamoyo, na mtafiti anayetaka habari za watu hao kutoka kwenye madaftari ya safarini, kabla hayajatengenezwa kwa ajili ya wasomaji wa London, analazimika kuja Tervuren.

La tatu halionekani kwenye kabati la vioo. Katika karne ya 20 idara ya lugha ya makumbusho haya ilikuwa mojawapo ya vituo vikuu duniani vya kuchunguza asili ya lugha za Kibantu. A. E. Meeussen na wenzake walikusanya na kulinganisha mamia ya lugha ili kurejesha mizizi ya zamani ya maneno tunayotumia kila siku, ya mtu, moto, nyama, nyoka. Kazi hiyo iliendelezwa na watafiti waliomfuata na sasa imo katika hifadhidata inayotumiwa na wanaisimu wa Kibantu popote walipo, Dar es Salaam ikiwemo. Ni urithi wenye utata: ulianza ili mkoloni awaelewe anaowatawala, ukaishia kuwa hazina ya wenye lugha wenyewe.

Vitu hivi vitarudishwa Afrika?

Makumbusho yana vitu vya utamaduni kama 120,000, sehemu kubwa kutoka Kongo. Rais Mobutu alidai urithi wa nchi yake mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973, na kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilipeleka vitu 114 Kinshasa, ikikwepa kuuita “urejeshaji”. Baadhi vilipotea baadaye katika vurugu, na wapinzani wa urejeshaji hawajaacha kulikumbusha hilo, kana kwamba wizi wa pili unahalalisha wa kwanza.

Mwaka 2022 mambo yalisogea. Februari serikali ya Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu kama 84,000. Juni Mfalme Philippe alikwenda Kinshasa na kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakungu, akakikabidhi kwa makumbusho ya taifa, ila kwa jina la mkopo usio na kikomo. Julai ikapitishwa sheria inayoruhusu urejeshaji wa vitu vilivyopatikana enzi za ukoloni, kwa uchunguzi wa kitu kimoja kimoja. Mkopo wa kitu chako mwenyewe ni msamiati wa mawakili. Lakini sheria sasa ipo, na kazi imebaki katika kuthibitisha kila kitu kilipatikanaje.

Tuachane na ukoloni kidogo. Mbwa wa Tervuren anatoka hapa kweli?

Ndiyo. Ni aina ya mbwa mchungaji wa Kibelgiji mwenye manyoya marefu ya rangi ya hudhurungi iliyokolea nyeusi kwenye ncha. Mwishoni mwa karne ya 19 mtengeneza bia wa mji huu aitwaye Corbeel alikuwa na dume Tom na jike Poes, na ukoo wa mbwa hao unahesabiwa kutoka kwao. Poes kwa Kiholanzi ni jina la kumwitia paka, kwa hiyo yaelekea Bwana Corbeel alikuwa mcheshi.

Na wachoraji?

Katika miaka ya 1860 kundi la wachoraji lilikimbia studio za Brussels na kuja kuchora msituni, nje, chini ya mwanga halisi. Kiongozi wao alikuwa Hippolyte Boulenger, kijana maskini aliyezaliwa Tournai mwaka 1837. Mwaka 1866 alijiandikisha kwenye maonyesho ya sanaa ya Brussels kama mfuasi wa “Shule ya Tervuren”, shule isiyokuwa na jengo, mwalimu wala ada. Jina likashika. Pamoja naye walikuwepo Joseph Coosemans na Alphonse Asselbergs. Boulenger alipenda matope, mawingu mazito na njia za msitu zilizopigwa na mwanga wa pembeni. Alifariki mwaka 1874, akiwa na miaka 36 tu, akiandamwa na maradhi na pombe. Ukitembea msituni asubuhi ya Novemba utaona kwamba hakutia chumvi katika rangi zake.

Msitu wenyewe bado upo?

Upo, na ndio unaowafanya wenyeji wasitake kuhama. Zonienwoud unaanzia ukingoni mwa mji, una zaidi ya hekta 4,000, na umegawanywa kati ya Flandria, Brussels na Wallonia. Mti wake mkuu ni ule ambao Waflandria huuita beuk: shina laini la kijivu lililonyooka, matawi yanaanzia juu sana, na chini hapaoti kitu kwa sababu ya kivuli. Safu hizo zilipandwa kwa mpango enzi za Waaustria. Mwaka 2017 sehemu za msitu huu ziliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na misitu mingine ya mti huo barani Ulaya.

Usikose bustani ya miti iliyo kusini mwa mji, iliyoanzishwa mwaka 1902 na kupangwa na profesa Charles Bommer. Haikupangwa kwa jina la mti, bali kwa mahali unakotoka: unatembea kutoka misitu ya pwani ya Pasifiki ya Marekani, unaingia Japani, unatokea Caucasus, bila kulipa kiingilio. Watoto wanaipenda kuliko makumbusho, na hatuwalaumu.

Kwa nini naona mabanda ya vioo huko Duisburg?

Ni mabaki ya kilimo cha zabibu. Tangu 1865, kuanzia kijiji jirani cha Hoeilaart, wakulima wa eneo hili walilima zabibu za mezani chini ya vioo, wakipasha moto kwa makaa ya mawe. Zabibu za Italia na Ufaransa zilipoanza kuingia bila kizuizi katika soko la pamoja la Ulaya, biashara ilianguka. Wachache wanaendelea, na zabibu zao nyeusi, kubwa na tamu, huuzwa kwa bei ya zawadi.

Nafikaje?

Kutoka kituo cha metro cha Montgomery, Brussels, panda tramu namba 44. Inafuata njia ya 1897, inakatisha msituni, na kituo chake cha mwisho kiko hatua chache kutoka makumbusho. Jumatatu makumbusho hufungwa.

Nikihamia huko na Kifaransa changu cha Lubumbashi, nitaelewana na watu?

Dukani na kwenye tramu, bila shaka. Mji una wageni wengi wa taasisi za Ulaya na hata shule kubwa ya Kiingereza iliyofunguliwa mwaka 1970. Lakini ofisi ya manispaa ni jambo jingine. Jirani zake Kraainem na Wezembeek-Oppem wana ruhusa ya kisheria ya kuwahudumia wakazi wao kwa Kifaransa, Tervuren haina. Barua ya kodi, ya kujiandikisha, ya ratiba ya takataka, yote huja kwa Kiholanzi. Jiandikishe kwenye darasa la Kiholanzi mwezi wako wa kwanza, na kwa miadi ya mwanzo nenda na mtu anayekijua.